Degedege: moshi wapewa sifa, sindano yapewa lawama

Wadau, leo naomba tuzungumzie neno ambalo karibu kila aliyekulia pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju, amelisikia kabla hajajua kusoma. Degedege.

Mtoto ana joto kali. Ghafla macho yanageuka juu, meno yanakazwa, mikono na miguu inarushwarushwa, povu linatoka mdomoni. Nyumba nzima inapiga kelele. Jirani mmoja anakimbilia kijiko, mwingine kitunguu, wa tatu anaagiza ndoo ya maji ya baridi, wa nne anasema msithubutu kumpeleka hospitali, akichomwa sindano tu amekwisha. Na pale kwenye kona ya uwanja yupo shangazi aliyesoma, au mpangaji anayesoma chuo kikuu, anatikisa kichwa na kusema: "Jamani, hawa watu bado wako gizani."

Mada yangu leo ni huyo wa mwisho. Maana huyo ndiye sisi.

Niweke wazi mapema: mimi ni mwandishi wa habari, si daktari. Ya kitabibu nitakayoyasema hapa ni yale yanayofundishwa na kukubalika kote, si uvumbuzi wangu. Kilicho changu ni hoja. Na hoja yenyewe ni hii: imani kwamba degedege ni la kienyeji na kwamba sindano inaua haikutokana na ujinga. Imetokana na hesabu iliyokosewa. Mtu aliyekosea hesabu humsaidii kwa kumcheka. Unakaa naye mnahesabu upya.

Tuanze na imani yenyewe. Katika simulizi za Pwani, hasa kwa Wazaramo, degedege linahusishwa na kiumbe anayeruka usiku kama ndege, ambaye kivuli chake kikimpitia mtoto, mtoto anaanza kukakamaa na kutetemeka. Kwa kuwa chanzo ni cha namna hiyo, tiba nayo ni ya namna hiyo: kumfukiza kwa moshi wa kinyesi cha tembo, kumwosha kwa dawa za majani, hata kumkojolea. Hospitali inakuja baadaye, ndege akishaondoka. Mambo haya watafiti waliyaandika Bagamoyo tangu miaka ya 1990, na wengi wetu hatuhitaji mtafiti kutuambia.

Sasa tuhesabu.

Degedege la homa, kwa watoto walio wengi, hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Halihitaji dawa yoyote ili likome. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba chochote unachokifanya dakika ya pili au ya tatu kitaonekana kimeponya. Ukifukiza, moshi umeponya. Ukipaka kitunguu, kitunguu kimeponya. Ukimtia kijiko mdomoni, kijiko kimeponya. Hata ukisimama tu na kupiga makofi, makofi yatapata sifa.

Lakini wapo watoto wachache ambao degedege lao halikomi. Hao ndio wenye malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka mno mwilini. Hao wanafukizwa, moshi unashindwa. Wanaongezewa dawa nyingine, inashindwa. Sasa ndipo inatafutwa bajaji usiku wa manane kutoka Chamazi au Mbande, nauli inachangishwa, barabara ina mashimo, kituo cha kwanza kimefungwa, cha pili kinasema nendeni Temeke. Mtoto anafika saa tatu baada ya kuanza kutetemeka. Anachomwa sindano. Baada ya nusu saa anafariki.

Mama ameona nini kwa macho yake? Ameona watoto watano wa mtaani wamefukizwa wakapona, na mtoto mmoja kachomwa sindano akafa. Huo ni ushahidi. Hakuota, hakuhadithiwa. Tatizo ni kwamba watoto wepesi wote waliishia mikononi mwa moshi, na wazito wote walipelekwa kwenye sindano. Moshi ukapewa sifa ambayo si yake, sindano ikapewa lawama ambayo si yake.

Na sisi wa Sinza na Mbezi tusijione wajanja. Ni mara ngapi umepata mafua, siku ya tatu ukanunua antibayotiki duka la dawa bila kupimwa, siku ya tano ukapona, na tangu siku hiyo unaiapia dawa hiyo? Mafua yangepona siku ya tano hata kama ungekunywa maji matupu. Hesabu yako na ya yule bibi wa Mbagala ni ileile, tofauti ni kwamba wewe una risiti.

Kuna mwanaanthropolojia anaitwa Vinay Kamat, wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada, aliyefanya utafiti wa muda mrefu hapo Mbande, Temeke, kuhusu homa za watoto. Mwaka 2008 alichapisha makala kuhusu simulizi za degedege na kivuli cha ndege, na mwaka 2013 akatoa kitabu kizima kuhusu malaria na uhai wa watoto hapa Tanzania. Ninachokipenda katika kazi yake ni kwamba hakukubali jibu rahisi la kuwabebesha kina mama lawama zote. Alitazama pia nani nyumbani ana sauti ya kuamua, pesa iko mikononi mwa nani, na mama akifika kituoni anapokewaje. Ukisoma kwa macho hayo, unaanza kuona kwamba "imani potofu" ni sehemu tu ya kinachomchelewesha mtoto. Sehemu nyingine ni sisi, pamoja na mifumo yetu.

Tena degedege la homa si la Waswahili peke yao. Ulaya na Marekani, watoto 2 hadi 5 kati ya 100 hulipata kati ya umri wa miezi 6 na miaka 5. Japani ni zaidi ya hapo. Sijasikia kwamba ndege wa Pwani anaruka mpaka Tokyo. Ubongo wa mtoto mdogo haujakomaa, joto la homa linaweza kuuvuruga kwa muda, basi. Na wazazi wa huko nao hudhani mtoto wao anakufa. Hofu ni ya binadamu wote.

Sasa basi, tufanye nini katika zile dakika chache?

Mlaze mtoto ubavu, mahali salama, ili mate au matapishi yatoke nje yasimkabe. Ondoa vitu vyenye ncha na vigumu vilivyo karibu, mlegeze nguo shingoni. Usimtie kitu chochote mdomoni: si kijiko, si kidole, si kitambaa, si dawa, si maji. Mtu mwenye degedege hawezi kumeza ulimi wake. Anachoweza ni kuvunjika jino kwa kijiko chako, au kupaliwa na maji yako. Usimkandamize mikono na miguu kwa nguvu, kumshika hakulikomeshi. Usimwagie ndoo ya maji ya baridi.

Halafu fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: tazama saa. Dakika moja ya degedege inaonekana kama robo saa, na bila saa hutajua. Likipita dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura, mtoto anahitaji dawa ya kulikomesha. Likikoma kabla ya hapo bado mtoto apelekwe akapimwe siku hiyohiyo, usiku huohuo. Likijirudia kabla hajazinduka vizuri, au likimshika upande mmoja wa mwili tu, au mtoto ana umri chini ya miezi 6, au shingo imekaza, au utosi umevimba, usisubiri kitu.

Na kama kuna mtu wa pili chumbani mwenye simu, apige video. Najua inasikika kama ukatili, mtoto anatetemeka wewe unarekodi. Lakini daktari karibu kila mara humwona mtoto baada ya tukio, akiwa amelala au analia. Anachokitegemea ni maelezo yako. Sekunde thelathini za video zinaweza kumwambia alichokuwa hakijui kwa maneno elfu moja ya "alikuwa anafanya hivi, hivi".

Sasa nije kwenye sindano, maana hapo ndipo penye ubishi.

Dawa ya kwanza ya kukomesha degedege lisilokoma si lazima iwe sindano. Diazepamu, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, mhudumu wa afya anaweza kumpa mtoto kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba dogo lisilo na sindano, na ikafanya kazi ndani ya dakika chache. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza njia hiyo pale ambapo mshipa haujapatikana. Vivyo hivyo kwa malaria kali: ipo artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa kwa watoto wa chini ya miaka 6 walio mbali na hospitali, ili wasifike wakiwa wamechelewa, kisha matibabu kamili yaendelee huko.

Hebu fikirieni maana yake, wadau. Miaka yote tumebishana na kina bibi kuhusu sindano, wao wakisema inaua sisi tukisema acheni ushirikina, kumbe ubishi wenyewe unaweza kuepukika kwenye mlango wa kwanza. Mama anayeogopa sindano anaweza kumleta mtoto zahanati ya mtaani akiambiwa kwamba dawa ya kwanza haichomwi. Kwa nini hilo halisemwi kliniki ya watoto, pale kina mama wanapopanga foleni kupima uzito? Ingechukua dakika mbili.

Tahadhari: diazepamu si ya kununua na kuiweka kabatini ujitibie mwenyewe bila maelekezo. Ikizidi inaweza kupunguza kupumua. Ninachosema ni kwamba iwepo zahanati, na ajuaye kuitumia awepo.

Na sindano yenyewe ya leo si ile ya zamani. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali. Nusu walipewa kwinini, nusu artesuneti. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni watoto wengi sana ukiizidisha kwa Afrika nzima. Ndiyo maana artesuneti sasa ndiyo dawa ya kwanza ya malaria kali. Bibi anayekumbuka sindano ya kwinini ya mwaka 1985 anakumbuka kitu cha kweli. Ni wajibu wetu kumwambia kwamba kimebadilika.

Naam, degedege limekoma, mtoto amelala. Hapa tunafanya kosa la pili, na hili tunalifanya wote, wenye elimu na wasio nayo: tunadhani limekwisha. Degedege si ugonjwa. Ni dalili. Swali ambalo lazima liulizwe ni moja: limetoka wapi?

Zamani jibu lilikuwa moja, malaria. Kila homa ilikuwa malaria, na kila malaria ilitibiwa kwa klorokwini, kisha kuanzia 2001 kwa SP, kisha kuanzia mwishoni mwa 2006 kwa dawa mseto. Lakini Dar es Salaam imebadilika. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waliokutwa na malaria walikuwa kama 10 tu kati ya kila 100. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na homa nyingi zilitokana na virusi.

Kwa hiyo mtoto wa Kinondoni aliyepata degedege apimwe malaria, ndiyo, tena haraka. Lakini kipimo kikisema hana, safari haijaisha. Apimwe sukari, kipimo cha tone moja la damu. Atazamwe homa ya uti wa mgongo. Hapa kuna hofu nyingine kubwa: kuchukuliwa maji ya uti wa mgongo. Mtaani wanasema mtoto atapooza. Sindano hiyo huchomwa chini kabisa mgongoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwishaishia juu yake, na bila kipimo hicho daktari anatibu kwa kubahatisha. Mzazi msomi anayekataa kusaini fomu ya kipimo hicho hana tofauti na anayekataa sindano Mbagala.

Sasa kuna jambo la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Neno letu moja limebeba mizigo mingi mno. Kila mtoto anayetikisika bila kutaka, tunasema degedege, au tunasema kifafa, au tunasema mashetani. Kumbe mitikisiko haifanani.

Mtoto mchanga akitetemeka mikono, mshike mkono taratibu. Ukikoma ulipomshika, mara nyingi ni mtetemo wa kawaida wa wachanga au njaa. Usipokoma chini ya kiganja chako, kimbia.

Mtoto wa miezi minne, sita, minane, anajikunja ghafla kama anayeinama kusalimia, mikono inaruka, anaachia, anajikunja tena, mara kumi, ishirini mfululizo, hasa akiamka usingizini. Nyumbani wanasema mchango. Inaweza kuwa aina mbaya ya kifafa cha watoto wachanga, ambayo kila wiki ya kuchelewa inaweza kugharimu akili ya mtoto. Haina homa, haina povu, haina kelele. Ndiyo maana inapita.

Mtoto wa shule, mara nyingi wa kike, kati ya miaka 5 na 15, ghafla anaangusha vikombe, mwandiko unaharibika, uso unajikunja, mikono inachezacheza kama yumo ngomani, akilala yote yanatulia. Mwalimu anamchapa kwa utundu, nyumbani wanatafuta mganga wa majini. Daktari Mwingereza Thomas Sydenham aliueleza ugonjwa huu mwaka 1686, na tunajua leo kwamba hufuatia maambukizi ya koo, yale mafindofindo tunayoyadharau au tunayompelekea mtoto akakatwe kimeo. Mchezo wa mikono hupona baada ya wiki au miezi. Kinachobaki ni moyo: ugonjwa huohuo wa koo unaweza kuharibu milango ya moyo kimyakimya. Kinga yake ni penisilini ya kuchomwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Mtoto aliyepelekwa kwa mganga wa majini akatulia, atarudi ukubwani na pumzi fupi, pengine akiwa mjamzito, na safari hiyo itaishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Moshi umepewa sifa tena.

Mtoto mwingine anapepesa macho mno, anarusha bega, anakohoakohoa bila kikohozi. Anaweza kujizuia kidogo, kisha inamshinda. Huyu wala si mgonjwa wa kuogopesha. Wengi wao huacha wenyewe wakikua. Anachohitaji zaidi ni watu waache kumkemea.

Na mwingine alikuwa anatapika, akanunuliwa dawa ya kuzuia kutapika duka la dawa, jioni shingo inavutwa nyuma, macho yamekwama juu, ulimi unatoka, lakini anawasikia na analia. Wote wanasema degedege. Inaweza kuwa ni dawa yenyewe, metoklopramidi, ambayo kwa watoto huleta hali hiyo. Inatibika haraka, kama tu mtu atauliza: "Amemeza nini leo?"

Mnaona? Maswali manne tu yanatenganisha mengi ya haya. Ana homa au hana? Anasikia au hasikii? Akishikwa au akilala inakoma? Amekunywa dawa gani? Mama wa darasa la saba anaweza kuyajibu yote manne. Lakini lazima aulizwe, kwa heshima, na mtu mwenye muda wa kusikiliza.

Na kifafa chenyewe? Mtoto akianguka mara mbili au zaidi, siku tofauti, bila homa, mpeleke hospitali ya rufaa, kwa wa Kinondoni ni Mwananyamala, kwa wa Temeke ni Temeke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi, na kwamba katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba wanayoihitaji. Dawa kama fenobabitoni ni za bei nafuu na zipo tangu enzi za babu zetu. Masharti ni kwamba zinywewe kila siku, kwa kawaida miaka isiyopungua miwili bila kuanguka, na zisikatishwe ghafla. Mtu akiacha wiki moja kwa kuwa amepona, akianguka tunasema dawa za hospitali haziwezi kifafa. Hesabu ileile tena.

Kule Mahenge, Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Aliwakuta watu wameungua vibaya kwa sababu walianguka motoni na hakuna aliyethubutu kuwagusa, wakiamini povu linaambukiza. Aliona pia watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia, hali ambayo miaka mingi baadaye ilikuja kutikisa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na ambayo leo inahusishwa na minyoo ya usubi. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, kwa mate wala kwa ushuzi. Kinachoambukizwa ni hofu.

Nimalizie na mfano wa kututia moyo. Upo ugonjwa mwingine wa mtoto kukakamaa ambao jina lake lenyewe limebeba pepo ndani yake: pepopunda. Watoto wachanga walikuwa wakikazwa mwili, wanashindwa kunyonya, wanakufa, na maelezo yalikuwa ni pepo. Kilichotokea ni nini? Kina mama wajawazito wakachanjwa, wembe na uzi wa kitovu vikawa safi, na mwaka 2012 Tanzania ikathibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wajawazito na wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Hakuna bibi aliyetukanwa. Hakuna aliyelazimishwa kwanza kuikana imani yake. Huduma ilimfikia mama mapema kuliko pepo, watoto wakaacha kufa, na jina likabaki jina tu.

Hivyo ndivyo degedege litakavyokwisha. Kila zahanati ya Mbagala, Chamazi, Goba na Bunju iwe na diazepamu, kipimo cha sukari, glukosi na mtu wa zamu usiku, maana degedege haliangalii saa za kazi. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure kwenye vituo vya umma. Basi bure iwe bure, asitumwe baba yake akanunue bomba la sindano saa nane usiku. Dakika tano na kulala ubavu zifundishwe kliniki, shuleni, kwa madereva wa bajaji, misikitini na makanisani. Waganga nao waitwe kwenye meza, waambiwe: mtoto asiyekoma ndani ya dakika tano si wako, mlete. Wengi wao wana watoto, wataelewa.

Na sisi tuliosoma, tuache kutikisa vichwa kwenye kona ya uwanja. Siku mtoto wa jirani atakapokakamaa, toa kijiko mdomoni mwake, mlaze ubavu, tazama saa, tafuta usafiri. Kisha, mtoto akishapona, kaa na bibi yake mhesabu upya.

Naomba kutoa hoja.